Filamu Iliyotunzwa kwa Moshi

Juzi nilikuwa kwenye studio ya picha mjini Kitale, wanakogeuza filamu za zamani kuwa sidii, mama mmoja wa Ndalu akaingia amekumbatia mkebe mweusi kwa masizi. Ndani mlikuwa na filamu ya harusi yake, aliyoipiga padri mzungu. "Mzee wangu ako hapo," akasema. "Picha yake ingine hatuna."

Filamu ilikuwa imejikunja kama ngozi kavu. Fundi akapitisha kipande kwenye mashine. Kompyuta ikaonyesha rangi ya kahawia tupu.

"Mama, uriweka wapi hii?"

"Juu ya jiko, kwa moshi, na mbegu ya mahindi. Wadudu wasikure."

"Joto rimechoma yote. Hakuna mtu hapa."

Mama akafuta skrini kwa pindo la leso, polepole, akaangalia tena. "Hata miguu?"

Fundi akatikisa kichwa.

Wengine hupoteza kwa kupuuza. Huyu alipoteza kwa kutunza, tena pale pale tunapotunzia sisi sote kitu tusichotaka kiharibike.

Akafunika mkebe wake. Mlangoni akageuka: "Na ire mbegu ya kando yake, si imemea kira mwaka?"