Rangi Mbichi Kwenye Harusi ya Mwanaisha

Aibu niliyoipata siku ile Mumias siwezi kumtakia hata adui yangu, na nikiisimulia leo ni kwa sababu mmekuwa mkieneza kwamba gari langu liliharibika harusini. Halikuharibika. Lilifika likinguruma vizuri, kilichoniangusha ni rangi.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa serikali mjini Kakamega, na wenzangu wakitoka kazini wanafuma vitambaa, mimi navaa ovaroli naingia chini ya gari. Lilikuwa kigari cha Kijapani kilichogonga trela ya miwa, mbele kumebonyea kabisa, mwenyewe akakitelekeza, nikakivuta kwa trekta hadi uani kwangu (majirani walitoka kutazama kana kwamba naleta maiti). Nikakinyoosha kwa nyundo, nikabadilisha rejeta, nikaunga nyaya moja moja, na kila Shangazi Zubeda alipokuja kutoka Mumias aliuliza, "Hii chuma utatoa lini hapa tupande sukuma wiki?"

Sasa binti yake, Mwanaisha, akapata mchumba wa kule Mayoni, na mimi kwa jeuri yangu nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba bibi harusi atapanda gari langu, wasikodishe lingine. Wakakubali shingo upande. Harusi ilikuwa Jumamosi, na Alhamisi jioni ndiyo nikaanza kulipaka rangi, kijani, ile ya kupakia milango, ikawa nzito, na dawa ya kuzimulia imeniishia na duka limefungwa, basi nikamimina mafuta ya taa. Kidogo tu. Ijumaa nikaigusa kwa kidole, nikaona imekauka, nikajipongeza.

Jumamosi niliendesha mpaka Mumias kwenye ubaridi wa asubuhi bila gari kuzima hata mara moja. Shangazi Zubeda mwenyewe akalizunguka, akasema, "Kumbe inatembeanga kweli." Jua likapanda, likawaka. Mpiga picha naye akalipenda gari, akawapanga bwana harusi na wenzake wameliegemea, wote kanzu nyeupe, na Mzee Swaleh, baba yake bwana harusi, akaegemea mlango amekunja mikono kifuani kama mwenye mali.

Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali palepale uani kwenye mikeka, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma. Nikainua macho. Mgongo wa Mzee Swaleh ulikuwa kijani kuanzia mabegani mpaka anapokalia. Wa bwana harusi vilevile. Walipoinama kurukuu kwa pamoja, safu nzima ilikuwa kama shamba la miwa lililolazwa na upepo, na wanawake kando yangu wakaanza kutetemeka kwa kicheko cha kuzuia (swala yangu iliishia hapo, Mungu anisamehe).

Tulipotoa salamu tu, Shangazi Zubeda akanishika mkono. "Umetupaka, Hadija. Umetupaka mbele ya wakwe."

Mzee Swaleh alikuwa akijizungusha akijaribu kuuona mgongo wake mwenyewe. Akaja mpaka kwangu.

"Nani alipaka hii gari?"

Ningeweza kumsingizia fundi. Nikasema, "Ni mimi, baba. Na mimi ndiye niliyeitengeneza, kutoka mbele mpaka nyuma."

"Hata breki?"

"Hata breki."

Wajomba wakaanza kunong'ona kuhusu kutafuta gari lingine, ndipo Mwanaisha akatokea mlangoni na shela lake, safi, hajagusa kitu.

"Dada Hadija, breki zinashika?"

"Zinashika."

"Basi leteni leso mfunike mlango, nipande."

Mzee Swaleh akatutazama, akavuta pumzi. "Mimi nimeshaharibika," akasema, "wacha nikae mbele." Akakaa, tukaenda hadi Mayoni vioo vikiwa chini, vumbi lote la barabara likinata kwenye rangi, na gari lilipofika lilikuwa limeota manyoya ya majani ya miwa. Lakini lilifika.

Nimejifunza, sikatai. Mafuta ya taa ni ya stovu, na kamwe sitapaka tena rangi shughuli ikiwa imebisha hodi. Wiki iliyofuata niliikwangua yote, na Shangazi Zubeda akaja kuniuliza kama sasa nitaliuza hilo balaa. Nilikuwa chini ya gari. Nikamwomba anisogezee jeki.

Akaisogeza.