Nilidanganya kwenye lebo ya mmea wa Eliye, lawama ikaenda kwa mbuzi wa watu

Wakuu, ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana. Mimi ni mzee wa Kakuma, niliishia kidato cha nne. Haya yamenipata mwenyewe na sijayapunguza. Ningeyapunguza, ningekuwa najipendelea.

Nikiwa kijana nilifanya kibarua cha kukusanya mimea ya hebaria, yaani lile jumba la Nairobi wanakohifadhi mimea iliyokaushwa.

Unachuma, unabana ndani ya magazeti, unaandika lebo: jina lako, siku, mahali. Mahali ndipo kazi yote ilipo.

Siku moja nilitumwa Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana, peke yangu, nikachume mimea ya penye chemchemi. Siku hiyo hiyo mjini Lodwar kulikuwa na arusi ya rafiki yangu.

Sikwenda Eliye.

Nilishuka kwenye majimaji kando ya mto Turkwel, pale pale Lodwar, nikachuma mmea wa majani membamba wenye utomvu mweupe kama maziwa. Nikaandika: Eliye Springs, kwenye tope jeusi karibu na chemchemi.

Hata hilo tope nililibuni.

Mwaka huu akaja mtafiti, binti wa kwetu, nimwite Akiru. Alikuwa ameutafuta mmea huo Eliye siku tatu bila kuuona. Akanionyesha picha ya lebo kwenye simu. Mwandiko wangu kabisa.

"Mzee, ni wewe tu uliyewahi kuuchuma pale. Huo mmea uliisha vipi?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nikajibu, "Mbuzi wameumaliza."

Akaandika. Akasema basi ripoti yake itashauri chemchemi izungushiwe ua, mifugo isikaribie. Akaniomba twende nikamwonyeshe mahali penyewe.

Nikaenda, wakuu. Nikanyoosha kidole kwenye nyasi tu. "Hapa."

Kulikuwa na mama ananywesha mbuzi. Alikuwa anatusikiliza.

"Mzee, hiyo majani iko na maziwa? Mbuzi yetu haigusi hiyo. Na mimi nimezaliwa hapa, sijaiona. Labda iliota kwa kichwa yako."

Wenzake wakacheka. Kisha akamgeukia Akiru, bila utani sasa. "Mkifunga maji, sisi tupeleke mbuzi wapi?"

Akiru akaniangalia mimi mwenye lebo.

Nikasema yote mbele yao. Arusi, Turkwel, tope la kubuni.

"Siku tatu, babu," Akiru akasema. Akakata ule mstari wa mbuzi kwenye daftari lake.

Tulirudi Lodwar nikamwonyesha pale nilipochuma kweli. Sasa ni nyumba na kuta. Mmea hatukuuona. Kama lebo ingesema kweli, labda kuna mtu angekuja kuutazama mapema.

Akiru alinieleza kwamba hebaria hawabandui lebo ya zamani. Wanabandika karatasi ya masahihisho kando yake. Akanipa kalamu niiandike mwenyewe. Kwa hiyo uongo wangu na ungamo langu vitakaa ukurasa mmoja, jina moja.

Nilichojifunza ni hiki. Aliyedanganya mara ya kwanza alikuwa kijana mvivu, huyo naweza kumsamehe. Aliyesingizia mbuzi ni mimi huyu mwenye mvi.

Mnaokaa kando ya Turkwel, mkiuona mmea wa namna hiyo penye majimaji, andikeni hapa na mtaje mahali hasa. Na mwenye neno kali kwangu aliseme pia, nitalisoma.