Afande Aliyeonekana Fenesi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilichaguliwa kwenda Jinja wakati wa likizo ndefu kwa mafunzo ya utafiti: wiki sita za kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha. Kwetu ni Malukhu, Mbale. Mama ni mzaliwa wa Kenya, hivyo Kiswahili kwetu ni lugha ya jikoni, si ya kambi za jeshi kama wengi Uganda wanavyoijua. Nilipangwa na msichana wa familia ya Kihindu yenye duka la vifaa vya ujenzi palepale Jinja. Kiswahili chake alikiokota kaunta.

Kazi yetu ilikuwa mafenesi. Mkufunzi alitaka kamera iweze kuyahesabu vibandani. Tulipiga picha kwenye vibanda vya Mpumudde, mtaa wa Jinja, kisha tukakaa wiki mbili nzima tukichora kisanduku kuzunguka kila fenesi na kuandika juu yake neno "fenesi". Ikafika mahali nikawa nayaona hata nikifumba macho.

Siku ya jaribio la kwanza tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja, simu mkononi. Askari magereza aliyetoka zamu, mtu wa kitambi cha heshima, akainama kuchagua tunda. Kwenye kioo cha simu kikatokea kisanduku cha kijani, kikamzunguka kuanzia kofia hadi mkanda. Mwenye kibanda akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii sanduku nasema nini?" askari akauliza.

"Inasema fenesi, afande," nikajibu.

"Fenesi gani?"

"Wewe, afande."

Hakufoka. Alirudisha tunda mahali pake, akanyoosha shati. "Mimi nafanya kazi ya serikali miaka kumi na tisa. Nani aliambia hii mashine mimi ni fenesi?"

Mwenzangu akamweleza kwamba hakuna aliyeiambia. Ilikuwa imekisia tu, kwa sababu tangu izaliwe haijaonyeshwa binadamu.

"Kuonyesha yeye, nataka picha ngapi?"

"Kama mia tatu."

Akatazama saa yake. "Kesho saa nane nakuja."

Akaja, sare ya kaki imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akaja kesho yake pia, na kesho kutwa, wiki nzima. Tulimpiga picha akiwa wima, ubavu, ameinama, amebeba fenesi, anakula fenesi. Baadaye alivuta kiti akasimamia uchoraji. Nikikata kofia alinirudisha: kofia ni mali ya serikali, lazima iingie kisandukuni. Lililomsumbua hasa ni neno tuliloandika.

"Mtu?" aliuliza. "Mtu tu?"

"Mtu tu, afande," mwenzangu akasema.

Alilikubali kama mtu anayekubali uhamisho.

Kompyuta ikajifunza. Haikumkosea tena hata mara moja, na sisi kwa furaha hatukuijaribu kwa mtu mwingine yeyote. Hilo lilikuwa kosa letu, na tulilifanya kwa bidii.

Maonyesho ya mwisho yalifanyika chuoni kwetu Mbale, ukumbi umejaa wazazi na wahadhiri. Afande alipanda basi kutoka Jinja, ameomba ruhusa kwa maandishi, akakaa mstari wa mbele. Niligeuza kamera kwa watazamaji na picha ikatokea ukutani. Mkufunzi wetu: fenesi. Mkuu wa idara: fenesi. Mama yangu, na leso yake ya kijani: fenesi. Mistari kumi ya mafenesi yaliyovaa vizuri, na katikati yao mtu mmoja.

Nilitamani umeme ukatike, na siku hiyo, kati ya siku zote, haukukatika.

Mwenzangu akashika kipaza sauti. "Tulidhani tumeifundisha mtu ni nani," alisema. "Kumbe tumeifundisha sare."

Mkuu wa idara alicheka kwanza, ndipo wengine wakathubutu. Afande hakucheka. Alisimama, akageuka kuwatazama wote nyuma yake, akasema kwa upole, "Nyinyi leta picha yenu. Ni wiki moja tu."

Vyeti vilipogawiwa, naye akapanga foleni. Mkufunzi alisita kidogo, kisha akachukua cheti kitupu, akamuuliza jina lake, akaliandika kwa kalamu. Afande akapiga saluti.

Mama alinisubiri mlangoni. "Miezi tisa nimekubeba," alisema, "nije niitwe fenesi mbele ya wahadhiri." Kisha akamkaribisha afande nyumbani kula, na njia nzima hadi Malukhu walizungumza wao wawili tu.