Shangazi wa masjala, anayewatafutia watu talaka zao

Saa mbili kasorobo asubuhi, Shangazi anausukuma mlango wa masjala kwa nyonga. Mlango umevimba kwa unyevu na siku hizi hautii ufunguo peke yake. Ukikubali, anaingia, anafungua dirisha la nyuma kuitoa harufu ya karatasi kuukuu, anajifunga leso puani, kisha anawasha mashine ya kutolea nakala, ambayo hukawia kupata moto kama jiko la kuni mbichi.

“Amka, mama, watu wameshafika,” anaiambia mashine.

Kweli wameshafika. Nje ya kidirisha chenye nondo yupo mwanamke aliyejitanda mtandio hadi machoni, yupo kijana anayejifanya kusoma matangazo ya ukutani, na yupo bwana mmoja ambaye kila zamu yake ikifika anawapisha wenzake.

“Yule naye amekuja kwa talaka,” ananong’ona Shangazi. “Wenye kesi za viwanja husukumana. Wenye talaka hupishana.”

Shangazi ndivyo anavyoitwa na kila mtu katika jengo hili la mahakama, kuanzia mlinzi wa getini hadi hakimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Ni karani wa majalada ya zamani, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutoa nakala za hukumu za talaka. Huyu anataka kuoa tena, yule anataka kurudisha jina la baba yake kwenye kitambulisho, mwingine anashughulikia hati ya kusafiria ya mtoto. Kote huko wanaambiwa maneno yaleyale: lete nakala kutoka mahakamani, yenye mhuri.

“Ukija na namba ya kesi, mambo ni mepesi,” anasema. “Ukija bila namba, njoo na mwaka. Ukija bila mwaka, basi vuta kiti tuzungumze.”

Viti vyenyewe ameviweka ndani, kwenye mlango wa pembeni. Kanuni inataka kila mtu ahudumiwe dirishani, lakini dirishani foleni nzima inasikia. Shangazi alimwomba hakimu ruhusa, akapewa. “Mtu hawezi kulitamka neno hilo mbele za watu kama anayeagiza sukari dukani,” anasema.

Ni kwenye viti hivyo walikokaa wazee wawili, mwanzoni mwa mwaka huu. Wenyewe wameridhia kisa chao kisimuliwe. Mzee alikuwa mpaka rangi wa majumba kabla miguu haijamkatalia ngazi. Bibi alipika shuleni mpaka alipostaafu. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, wakibishana.

“Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko,” alisema mzee.

“Mafuriko tulikuwa bado wote. Umesahau ulivyobeba godoro kichwani, mimi ukaniachia watoto na masufuria?”

“Godoro lilikuwa jipya.”

Shangazi alidhani ni ndugu waliokuja kufuatilia mirathi. Akawauliza wanatafuta talaka ya nani. Wakajibu kwa pamoja: “Yetu.”

Walikuwa wameachana kitambo, watoto wao wanne wakiwa bado wadogo. Kila mmoja alishika njia yake na hakuna aliyepata mwenza mwingine wa kudumu naye. Uzeeni mzee alirudi kupanga chumba mtaa uleule, na alipoanza kuugua, bibi akawa anampelekea supu kwa mikono ya wajukuu.

“Wajukuu walikuwa wanaimwaga njiani,” anaeleza bibi. “Nikaona niipeleke mwenyewe. Mtu hapeleki supu kimya kimya. Utamwamkia, utamuuliza amelalaje. Ndiyo hivyo.”

Kisha madaktari wakasema mzee afanyiwe upasuaji wa tumbo. Hospitalini muuguzi alimuuliza bibi huyu mgonjwa ni nani wake. Bibi alisita. Muuguzi, mwenye haraka zake, akaandika: rafiki.

“Nimemzalia watoto wanne, naandikwa rafiki,” anasema bibi, akitikisa kichwa. “Nikamwambia mzee, ukiingia kwenye kisu kile sitaki kusimama nje kama mpita njia.”

Mzee anasema ndiyo kwanza alikuwa akitafuta namna ya kumwambia jambo hilohilo. Wakaenda kwa msajili wa ndoa. Msajili aliposikia kwamba wote ni watalaka, akataka ushahidi wa talaka. Hawakuwa nao. Ya bibi ililiwa na mchwa; ya mzee, anakiri mwenyewe, hakuwahi kuifuata.

Shangazi aliingia kwenye rafu. Alitafuta kwa jina la mzee, kwa sababu mzee alishikilia kwamba yeye ndiye aliyekwenda mahakamani.

“Alikwenda kunifuata mimi, niliyefungua kesi,” alisema bibi. Lakini naye hakukumbuka kama alijiandikisha kwa jina la mume au la baba yake.

Siku ile jalada halikuonekana. Shangazi aliwaomba wampe muda kidogo. Tarehe ya upasuaji ilikuwa inakaribia, na mzee alikuwa anakonda mbele ya macho yao.

Kesho yake akaja mwanamke wa makamo, msusi, mafuta ya nywele yakiwa bado viganjani. Hakukaa. Alisema yeye ni binti mkubwa wa wale wazee, na ana ombi dogo.

“Shangazi, majalada yenyewe ya zamani,” alisema. “Ukilikosa, hakuna atakayekulaumu.”

Shangazi alimtazama. Anasema katika kazi yake ameshaombwa mengi. Ameombwa afiche, aharakishe, na amwonyeshe mtu jalada lisilo lake. Hakuwahi kuombwa na mtoto azuie wazazi wake wasioane.

“Nikilikosa kweli, nitawaambia nimelikosa,” alimjibu. “Lakini likiwepo nikasema halipo, kesho nitaingiaje humu ndani?”

Msusi akasimama pale mlangoni. Ndipo yakamtoka. Kwamba baba alipoondoka, yeye ndiye aliyekuwa akilala na mama na kumbembeleza, badala ya mama kumbembeleza yeye. Kwamba alijifunza kusuka nywele za watu angali mtoto, ili wadogo zake wale. Na sasa baba amerudi mzee na mgonjwa, anapelekewa supu, na hakuna hata mtu mmoja anayeyakumbuka yale.

“Mama amesamehe,” alisema. “Mimi hakuna aliyeniuliza.”

Shangazi alimvutia kiti. Safari hii msusi alikaa. Alilia kwa muda mrefu, na Shangazi akawaambia waliokuwa dirishani wavute subira, mashine imegoma. Mashine ilikuwa nzima.

“Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa,” anasimulia. “Nilimwambia tu, mwanangu, hayo uliyoniambia mimi sina rafu ya kuyaweka. Mwenyewe yupo hai. Mpelekee kabla hajaingia kwenye upasuaji.”

Msusi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili zilizofuata Shangazi aliendelea kutafuta, mara hii kwa jina la baba yake bibi. Jalada lilikuwa limebanwa katikati ya kesi mbili za mipaka ya mashamba, utepe wake umeoza. Wala haukuwa mwaka wa mafuriko. Alilipiga vumbi, akatoa nakala, akaipandisha kwa hakimu isainiwe na kugongwa mhuri.

Wazee walipokuja kuichukua, msusi alikuwa nao. Alikuwa amebaki uani, kwenye benchi, na mkoba wa mama yake mapajani. Shangazi alimwona kupitia dirisha la nyuma.

“Alikuja juzi,” mzee alisema kwa sauti ya chini. “Alinisema tangu magharibi mpaka chai ikapoa. Sikumkatiza.”

“Uliumia?” Shangazi aliuliza.

“Niliumia sana. Lakini alipomaliza aliniuliza kama dawa nimeshakunywa. Muda wote huu alikuwa ananiamkia tu, shikamoo, kisha anapita. Afadhali ya kugombezwa.”

Bibi alikuwa ameikunja nakala na kuitia kifuani bila kuisoma. Shangazi alimkumbusha ahakiki majina. “Majina nayajua,” alijibu bibi.

Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, na msusi alitia saini kama shahidi. Upasuaji ulifanyika wiki hiyohiyo. Kwenye karatasi ya hospitali, safari hii, bibi aliandikwa mke. Mzee bado anatembea kwa mkongojo, na sasa supu anapikiwa chumbani kwake mwenyewe, maana bibi amehamia huko na masufuria yake.

Shangazi hajawaona tena tangu walipomletea mkungu wa ndizi. Lakini anasema yule msusi hamtoki akilini, na sababu yake si ya kikazi.

Yeye mwenyewe ni mtalaka. Jalada lake limo humuhumu, na kila mwaka hulipangusa vumbi pamoja na mengine. Ana mtoto mmoja wa kiume, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alikuwa darasa la kwanza baba yake alipoondoka.

“Alikuwa akianza kuuliza habari za baba yake namwambia, mwanangu, kula chakula chako,” anasema Shangazi. “Akazoea kula. Mpaka leo akija kunisalimia anakula vizuri, ananishukuru, anaondoka. Na mimi najisifu nina mtoto asiye na makuu.”

Mwisho wa mwezi huu mwanawe atakuwa likizo. Shangazi ameshamwandikia hakimu kuomba ruhusa ya siku mbili, jambo ambalo halijazoeleka kwake hata kidogo, mpaka hakimu akamuuliza kama anaumwa.

Anarudisha jalada la mwisho la asubuhi kwenye rafu na kulisawazisha kwa kiganja.

“Nitampikia kama kawaida,” anasema. “Akishanawa mikono, nitamuuliza yale ya baba yake. Siku moja ni ya kumsikiliza. Ya pili, ikiwa hajamaliza.”