Jinsi Nilivyomnyoosha Pua Mzee wa Sarafu

Mjukuu wangu ana ofisi Guangzhou, China. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma habari za watu gani. Ofisi iko Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja, ina meza mbili, ua la plastiki, na mlango wenye jina lake. Ana miaka ishirini na sita, na akisema Kichina wauzaji wanachungulia nyuma yake kumtafuta Mchina anayezungumza. Mimi niliishia darasa la nne kule Bukoba, nikaolewa, nikauza samaki, nikazaa sita, na uzeeni nimekuwa mkaguzi wake wa bidhaa.

Usicheke. Mzigo ukitoka kiwandani unapita kwanza kwenye vidole vyangu. Kiatu nakikunja, zipu naifungua na kuifunga mara ishirini, sufuria naigonga kwa kijiko na kuisikiliza. Kitu kikiwa kibovu nasema "bu hao," yaani hakifai, nakisukuma pembeni. Wenye viwanda wananiita nainai, yaani bibi kwa lugha yao, na wananiogopa. Mmoja alimwambia mjukuu wangu kwamba afadhali akutane na watu wa forodha kuliko mimi. Nilifurahi wiki nzima.

Oda ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kwanza kubwa kuipata peke yake. Kabla ya hapo alikuwa anatembeza wateja wa watu wengine sokoni Liuhua, jua na mvua, mifuko mabegani. Sasa alikuja mama mmoja kutoka Poland, mnene, mcheshi, mwenye duka la zawadi katika mji mdogo huko kwao. Alikula maharage yangu ya nazi sahani mbili akaniita mama. Alitaka sanamu ndogo za mzee, za kuweka rafuni, urefu wa kiganja, katoni kumi na tano.

"Bibi, huyu ana wenzake wanane wenye maduka kama lake," mjukuu wangu alinieleza. "Akiridhika, wote wanakuja kwangu. Asiporidhika, narudi Liuhua kubeba mifuko."

Nikamwambia mifuko hatabeba tena, nikiwa hai.

Basi akasafiri kwenda Yiwu siku tisa kwa shughuli nyingine. Aliniachia maagizo: sampuli ikija niangalie nyufa, nisugue rangi kama inatoka, kisha nimruhusu laoban, yaani mwenye kiwanda, aendelee. Maagizo yalikuwa mepesi. Tatizo ni kwamba sampuli ilipokuja, niliiangalia.

Alikuwa mzee mwenye ndevu ndefu, kofia nyeusi, koti refu hadi miguuni. Mara moja nikampenda. Nilipokuwa Dar, Magomeni, jirani yangu alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye ndevu kama zile na kanzu ndefu kama lile koti, mtu mwenye adabu kupita wote mtaani. Lakini huyu wa kiwandani alikuwa ameharibiwa! Pua ilishuka kama mpini wa birika. Mgongo umepinda. Macho yanachungulia upande kama anayetaka kuiba kuku. Vidole vimekunjwa kama kucha za mwewe, na kati ya vidole ameshika kitu cha duara, cha manjano, kikubwa kama kifuniko cha soda.

Hicho cha duara nilikijua papo hapo. Kwetu Uhaya mgeni akifika, kabla hajaulizwa shida yake, anapewa kahawa ya kutafuna, punje iliyochemshwa ikakaushwa. Mwenyeji anaitoa kwa vidole, hivi hivi, anakunyooshea. Nikajua: mzee anakaribisha mgeni. Ila kiwanda kimekosea kipimo na rangi.

Nikamwambia laoban, "Bu hao."

"Nini bu hao?" Akashika kichwa. "Nainai, hana ufa!"

"Pua bu hao. Mgongo bu hao. Macho, huyu ni mwizi? Hii hapa," nikagonga kile cha duara, "kubwa mno. Ndogo. Rangi ya kahawa."

Nikamchorea kwenye karatasi. Nikamshika pua yake mwenyewe nikamwonyesha, hivi, pua ya mtu. Alicheka hadi akakaa chini. Kumbe kile cha duara kilikuwa kinamsumbua pia, kila wakitoa sanamu kwenye kalibu kinakatika. Akala ndizi nilizopika, akaondoka na sampuli mfukoni. Siku mbili baadaye akaniletea nyingine. Mgongo umenyooka, macho yanakutazama usoni, mkono umefunguka vizuri, na kwenye vidole punje moja ndogo ya kahawia. Nikasema "hao," inafaa. Sikumbuki kama niliwahi kujisifu zaidi ya siku ile.

Mjukuu wangu aliporudi kutoka Yiwu, katoni kumi na tano zilikuwa zimejaa sebuleni kwetu, nyuma ya ofisi. Akafungua moja. Akafungua ya pili. Akakaa juu ya ya tatu.

"Bibi. Sarafu iko wapi?"

"Sarafu gani?"

"Alikuwa ameshika sarafu! Ndiyo oda yenyewe, mzee na sarafu! Umemfanya nini?"

"Nimemrekebisha."

"Hukuambiwa umrekebishe, uliambiwa umsugue!"

Alilia, na mimi nikaona aibu. Yeye halii ovyo, hata utotoni alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Mteja alikuwa anafika kesho yake kukagua mzigo, na keshokutwa kontena linafungwa bandarini Huangpu. Hakukuwa na muda wa kutengeneza upya.

Yule mama akaja na kicheko chake. Akafungua katoni, kicheko kikaisha. Aligeuza mzee juu chini, akamtazama chini ya miguu, kana kwamba sarafu imejificha huko. Walizungumza Kiingereza, mjukuu wangu akinitafsiria.

"Anauliza bahati iko wapi. Anasema kwao watu wanaweka picha au sanamu ya huyu mzee nyumbani, dukani, karibu na mlango, ili hela ziingie. Siku ya Jumamosi wanamgeuza kichwa chini, hela zimdondoke zibaki ndani ya nyumba."

"Wanamgeuza kichwa chini? Mzee wa watu?"

"Bibi, ni Myahudi. Ndiyo maana ana sarafu. Wanasema Wayahudi wanajua hela."

Yule mama alikuwa anatabasamu tena, anaeleza kwa mikono. Hakuona ubaya. Alisema ni kitu cha upendo, hata kwa daktari wa meno utakikuta. Wakati wa utoto wake Wakomunisti walikuwa wanatawala, duka lilikuwa la serikali na lilikuwa tupu, nani angeomba bahati ya biashara? Walipoanguka, kila mtu akataka kufanya biashara, na mzee wa sarafu akaanza kuuzwa kila mahali.

Mimi sina elimu ila nina maswali. Nikamwambia mjukuu wangu, "Muulize, hao Wayahudi wa mji wake wanasemaje wakijiona wamening'inizwa kichwa chini?"

Akauliza. Yule mama akasema mjini kwao hakuna Myahudi.

"Hata mmoja?"

Hata mmoja.

"Hajawahi kuwepo?"

Hapo akamweka mzee mezani. Alisema walikuwepo, wengi, karibu nusu ya mji, kabla ya vita. Wajerumani walikuja wakawachukua, wengine waliuawa msituni pale pale. Shuleni alifundishwa kwamba waliuawa raia. Kwenye uwanja wa mji kulikuwa na jiwe, limeandikwa raia. Raia gani, mwalimu hakusema, na mtoto hakuuliza. Siku hizi lipo jiwe la pili lenye kusema ukweli, na kuna watu wanaolimwagia rangi.

Nikakumbuka ya kwetu. Nilikuwa Bukoba mwaka wa mauaji ya Rwanda. Maiti zilikuja na mto Kagera zikaingia ziwani, na mimi nilikuwa nauza samaki. Watu waliacha kununua, na hata wangenunua, sikuweza kuuza. Siku moja mwanamume mmoja pale sokoni akasema kwa sauti kwamba mwaka huu samaki watanenepa. Watu wawili watatu walicheka. Nilimpiga kwa ungo usoni, ungo ukapasuka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa analea watoto wa dada yake. Alikuwa anatania tu. Nilinunua ungo mwingine.

Nikamsimulia yule mama habari hiyo, mjukuu wangu akatafsiri. Nikamaliza hivi: "Mwambie sitampiga, sina ungo hapa."

Akacheka kidogo, kisha akawa mwekundu shingo yote. Akasema kitu kifupi, na mjukuu wangu akamwomba arudie.

"Anasema bibi yake alikuwa na kabati kubwa jikoni. Nyumbani wote waliliita kabati la mshona kofia. Anasema alidhani ni jina tu, kama watu wanavyosema kabati la vyombo. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mshona kofia."

Nikamwuliza mshona kofia alikwenda wapi. Yule mama akatazama zile katoni. Nikaelewa: alikwenda na ile nusu ya mji, kabati likabaki jikoni kwa bibi yake.

Basi, mtu akiguswa haimaanishi amebadilika, nilijifunza hilo zamani. Alipomaliza chai yake akavaa miwani, akarudi kwenye biashara. Alisema anaelewa, lakini amewaahidi wateja wake, na msimu wa zawadi umekaribia. Akatoa wazo: kile kiduara kidogo kipakwe rangi ya dhahabu. Kipo tayari mkononi, kiwanda kinaweza kupaka kwa siku moja, kontena halichelewi. Pua anaikubali ilivyo. Dhahabu tu.

Nikamtazama mjukuu wangu. Ofisi ni yake, mlango una jina lake. Mimi ndiye niliyemtia kwenye matope, na hapa alikuwa anaonyeshwa njia ya kutoka, nyepesi kabisa, brashi moja na kopo la rangi. Nikamwambia kwa Kihaya, ili mgeni asisome hata sauti yangu, kwamba akipaka sitanuna. Nilikuwa nasema uongo, lakini nilijitahidi.

Alimgeuzageuza mzee mkononi. Baadaye aliniambia alichokuwa anakifikiria. Mwaka wake wa kwanza hapa, ghorofa ya nne ya soko moja la midoli, aliona mdoli wa mtu mweusi kama makaa, midomo kama mkate uliofura, ameshika ndizi. Muuzaji alikuwa mtu mzuri, alimpunguzia bei ya mkoba siku hiyo hiyo. Akamwambia ule mdoli unapendwa sana, unaleta furaha.

"Dada," akamwambia yule mama, na hii alinitafsiria kwa fahari, neno kwa neno, "bidhaa hii imepita ukaguzi. Ikipakwa dhahabu haitapita. Ukitaka ya sarafu, utaipata kwa mtu mwingine, jengo hili hili, ghorofa yoyote. Kwangu hutaipata."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia kwa sababu tulikuwa tunapoteza oda.

Na tuliipoteza, sitadanganya. Yule mama alisimama, akafunga mkoba, akatushukuru kwa chai. Akafika mlangoni akarudi. Alisimama juu ya katoni iliyofunguliwa akiwatazama wale wazee wote walionyoosha mikono kwake. Kisha akauliza punje ile ni nini hasa. Nikaenda jikoni, ninazo, wanangu wananitumia. Nikampa moja kwa vidole vyangu, kama inavyotolewa. Akatafuna. Uso wake ulijikunja kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Meza, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. "Ukitema unanitukana."

Akameza. Macho yalimtoka machozi, nadhani ya uchungu wa kahawa. Akasema anachukua katoni tatu. Si za bahati, akasema. Atawaambia wateja wake huyu ni mshona kofia, na wakimuuliza mshona kofia gani atajaribu kuwaambia, na kama hawatanunua atakuwa na zawadi za Krismasi za miaka kumi. Wale wenzake wanane wenye maduka hatawaleta. Hilo alilisema wazi, nami nikamheshimu kwa kulisema.

Kwenye hati ya mzigo kuna mahali pa kuandika bidhaa ni nini. Mjukuu wangu aliandika kwa Kiingereza na Kichina, kisha akanisomea: sanamu, mzee mmoja, anakaribisha.

Katoni kumi na mbili zilizobaki zilikwenda Dar, binti yangu anaziuza Kariakoo polepole, na Wahaya wanamuuliza huyu mzee ni wa kijiji gani. Mjukuu wangu alininunia siku nne. Siku ya tano aliniletea katoni ya birika za umeme nizikague, akakaa kando yangu badala ya kwenda zake.

"Bibi, ukiikataa hii, nieleze kwanza ni kasoro au ni hasira."

Nikaigonga kwa kijiko nikasikiliza. "Zote mbili," nikamwambia. "Na mfuniko umelegea."