Mtani wa Bwawani

Mimi ni mtu wa msikiti, na uongo naujua uzito wake. Miaka hii niliyobakiza ni michache, na sitaki kuitumia kutunga mambo. Kwa hiyo ninayokueleza yapokee kama nilivyoyapokea mimi, kwa macho haya na kwa mkono huu wa kushoto ambao nitakuja kukueleza habari zake.

Tena usidhani ilikuwa usiku. Watu wengi wakisimulia habari hizi huweka giza, mvua na bundi. Yangu yalitokea saa tatu asubuhi, siku ya kazi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Chini ya milima yetu ya Uluguru lilikuwa limejengwa bwawa la kulisha mabomba ya mjini, na watu waliokuwa wakiishi kwenye bonde lile walihamishiwa kijiji kipya, mbali kidogo. Mimi nilikuwa kijana wa Bigwa, kibarua pale bwawani. Mpiga mbizi wetu alikuwa Faraji, mtu wa Tanga aliyejifunza kazi bandarini. Alikuwa pia shemeji yangu. Alimwoa dada yangu Zainabu, wakapanga chumba Kilakala, na wakati huo Zainabu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Asubuhi ile dada alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Kamba yake ya kuzamia unaishika wewe. Nisisikie umempa mtu mwingine."

Nikamwambia, "Nitakurudishia mumeo na mapezi yake."

Hakucheka. Akasema, "Mapezi sina haja nayo."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chujio la mdomo wa bomba, kule chini ya maji, lilikuwa limezibwa na magogo, na mabomba ya mjini yalikuwa yakikohoa upepo. Gati hatukuwa nalo. Tulikuwa na mtumbwi wa mpira wa kujaza upepo, mwembamba, wa watu wawili, ulioachwa na mtaalamu mmoja wa kigeni. Ukitolewa upepo unakunjwa kama godoro. Tuliubeba hadi ufukweni tukaujaza kwa pampu ya mguu, mimi nakanyaga, Faraji anasikiliza viraka. Viraka vilikuwa vya baiskeli.

Mzigo hupangwa kwa akili, kwa sababu mtumbwi ule haupendi mtu anayesimama. Mtungi wa hewa hulazwa katikati na kufungwa. Mkanda wa vyuma vizito huwekwa chini kabisa. Mpiga mbizi havai vifaa vyake nchi kavu. Mnapiga kasia hadi mahali pa kazi, mnatupa mtungi majini ukiwa na kamba, naye anashuka na kuuvalia humo humo. Faraji alikuwa ameshakaa ndani, mtungi katikati ya miguu, mimi nikiwa bado majini hadi magotini, tayari kusukuma.

Hapo ndipo nikamwona mzee.

Alisimama hatua tano kutoka kwetu, kanzu yake nyekundu kwa udongo hadi magotini. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye majani, na majani yote nyuma yake yalikuwa na umande, hayajakanyagwa na mtu. Nililiona hilo. Niamini, nililiona, ila akili haikulishughulikia.

Nikamwambia, "Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Wewe umewahi kumwamkia mzee asikuitikie marahaba? Kifua huwa kinapoa. Alitutazama kama mtu anavyotazama mbuzi ndani ya shamba lake.

"Mnapita juu ya paa la mtu bila hodi," akasema.

Faraji akaninong'oneza, "Huyu kaamka vibaya."

Mzee akaniuliza, "Wewe ni wa ukoo gani?"

Sisi Waluguru ukoo tunauchukua kwa mama. Nikamtajia ukoo wa mama yangu. Akatikisa kichwa polepole, akautaja wake. Moyo wangu ukatulia. Ukoo ule ni watani wetu tangu enzi za mabibi zetu. Nikasema moyoni, kumbe ukali wote huu ni utani.

Kwa asiyejua: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku au kofia, nawe humpokonyi. Ukikitaka kitu chako, unakikomboa kwa kumpa kingine. Na mtu akifa, watani ndio wanaochimba kaburi.

"Ukoo wenu," akasema, "ni wezi wa mihogo. Mama zenu walizaa vyura, ndiyo maana mmependa maji."

Nikacheka. "Na nyinyi mnanuka tope tangu mzaliwe, mtani. Hiyo kanzu uliifulia kwenye dimbwi la nguruwe?"

Yeye hakucheka. Utani bila kicheko ungetosha kunishtua. Akasogea, akaanza kukagua mzigo wetu kitu kimoja kimoja, pampu, ndoo, kasia. Nikajua anatafuta cha kuchukua. Jua lilikuwa linapanda na msimamizi alikuwa mkali. Nikasema maneno ambayo ningeweza kuyafuta ningeyafuta kwa ulimi wangu.

"Chukua chochote unachotaka humo ndani, mtani. Sisi tunawahi kazi."

Faraji akacheka. "Shemeji, usinigawie mtungi wangu."

"Mtungi siutaki," akasema mzee. Akageuka akaingia kwenye ukungu, mikono mitupu.

Tukapiga kasia hadi kwenye dumu jeupe linaloelea juu ya bomba. Faraji akashuka, akavaa mtungi, akajifunga kamba kiunoni, akauma mpira wa hewa. Lugha yetu ya kamba ilikuwa fupi: mvuto mmoja, niko salama, miwili, nipe kamba, mitatu, nivute. Akazama. Mapovu yakapanda mazuri, na kamba ikavutwa mara moja. Nami nikavuta mara moja.

Kisha mapovu yakaanza kuhama. Bomba liko kwenye tuta la bwawa, lakini mapovu yalikuwa yanaelekea katikati, kule kulikokuwa na kijiji cha zamani. Kamba ikanitoka mikononi kwa kasi hadi ikaisha, ikakibana kiganja changu cha kushoto, na mtumbwi ukaanza kukokotwa. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikavuta mara tatu, kumwita apande. Kimya. Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, yakakoma.

Nilipoinua uso, mzee alikuwa amekaa mbele yangu, pale alipokuwa amekaa Faraji. Mtumbwi haukuinama hata kidogo.

"Nimechukua," akasema. "Ulinipa."

Nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Unadhani alitoweka? Midomo yake ilinifuata neno kwa neno hadi mwisho.

"Hiyo nami nilisomewa," akasema. "Soma ukichoka upumzike. Nyumba yangu imejaa maji. Mliwapakia watu wetu kwenye lori na masufuria yao. Makaburi hamkuyapakia."

"Babu, huyu si mtu wa huku. Ana mke mjamzito."

"Nilikuwa na mke pia. Yuko ubavuni mwangu, naye maji yanampita kichwani. Mtani hapokonywi, unajua."

Niliona uso wa Zainabu pale mlangoni. Kilichobaki ni desturi ile ile iliyonitia shimoni.

"Hapokonywi," nikasema, "lakini hukombolewa. Mwachie huyu. Chukua mkono huu unaoshika kamba."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona tena kwa kiumbe yeyote. Sidhani kama alinisamehe. Nadhani alibanwa tu na utani, kama nilivyobanwa mimi. Akaweka kiganja chake juu ya changu. Kilikuwa baridi kama chungu cha maji kilicholala nje.

Kamba ikalegea. Faraji akaibuka upande wa kulia, mpira wa hewa umemtoka mdomoni, damu puani. Nilimshika kwapani nikamlaza ndani ya mtumbwi kama samaki. Mbele yangu hapakuwa na mtu.

Alipoweza kusema, alisema, "Kuna mtu alinikaribisha ndani, shemeji. Nikaingia. Akafunga mlango."

Hakugusa maji tena isipokuwa ya kuoga. Akawa seremala. Zainabu alijifungua mtoto wa kike, ambaye leo ana wajukuu, na kila ninapowaona nasema alhamdulillah, kwa sababu najua walikaribia kutokuwapo.

Sheikh wangu alinifundisha kwamba wafu hawarudi, kwamba yule alikuwa jini aliyevaa sura na maneno ya mtu. Nimekubali. Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lakini mimi huwaombea dua waliolala chini ya lile bwawa, kila Ijumaa, kwa kuwa hakuna aliyewaaga.

Na mkono wangu wa kushoto? Hauna joto. Wajukuu hawataki niwashike nao. Nikisujudu, kiganja kinaacha alama ya maji kwenye msala, na alama hiyo haikauki hata juani. Nimebadilisha misala mingi. Nimezoea, nashukuru, mtu aliyekomboa roho kwa mkono mmoja amelipa kidogo.

Ila wewe nisikilize. Ukimwamkia mtu ufukweni asikuitikie, usijibishane naye, usimchekee, wala usimpe kitu hata kwa mzaha. Na usiseme kwa mtu yeyote "chukua unachotaka" kabla hujageuka ukatazama ni nani amekaa nyuma yako.