Mkaratusi Uliofika Jikoni

Juma lililopita, kule kijijini Qurus, nilimkuta mzee mmoja kashika shoka mbele ya mkaratusi. Mkewe alisimama mlangoni mwa jiko lake la nyasi, mikono kiunoni.

"Huo mti ukilalia jiko langu, utapika wewe!"

"Tulia, mama watoto. Msomi anapima."

Msomi ni binti yao wa kidato cha tatu. Alirudi nyuma na kipimapembe chake mpaka akaona kilele kwa nyuzi arobaini na tano, kisha akahesabu hatua hadi kwenye shina.

"Ishirini na mbili, na urefu wa mti ni huohuo. Jiko liko hatua ishirini na tatu. Kata, baba!"

Mzee akakata. Kilele kikaingia jikoni bila hodi, kikamwaga makande yote.

Binti akajipiga paji la uso. "Jamani! Nilipima kuanzia machoni. Nimesahau kujumlisha kimo changu!"

Mama alimkabidhi mumewe mwiko.

Nilikaribishwa chakula. Kwa ugali ule niliomeza, nawasihi wanafunzi wote: mkishapima mti, jijumlisheni na nyinyi.